Ubeti Aliouitikia Senah

Waliokuwepo siku Suri alipokatwa nywele ni hawa: Senah mama yake, Bidin baba yake, Wok Jaharah mama yake Bidin, Piah wa nyumba ya pili, na Lijah mwimbaji, shangazi yake Bidin. Watu watano, na mtoto wa siku arobaini na nne.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wali mnato wa manjano ulikuwa bado unatoa mvuke. Piah alikata kishungi cha kwanza, akakitumbukiza ndani ya dafu lililochongwa mdomo.

"Nywele gani hizi?" alisema. "Ningepata kiganja kimoja tu, sufuria zangu zote zingeng'aa."

"Karithi za baba yake," Senah akajibu, na Bidin akacheka kutoka barazani.

Kisha mtoto alilazwa kwenye bembea, kitambaa kilichoning'inia kwa springi kutoka kwenye boriti, na Shangazi Lijah akaanza kuimba. Kule kijijini Titi Buluh hakuna mtoto aliyepewa jina bila wimbo wake. Kila ubeti ulipoisha wanawake waliitikia, "Tumempokea." Aliimba jina la mtoto, wakaitikia. Aliimba mpunga na mvua na maziwa ya mama, wakaitikia.

Senah alimpenda sana mzee huyu. Senah mwenyewe kwao ni Muar, siku nzima kwa basi, na mama yake mzazi hakuweza kuja. Aliyemkanda tumbo kwa jiwe la moto siku zote za uzazi alikuwa Lijah. Aliyemtolea miiba ya samaki, ili ale kwa mkono mmoja huku ananyonyesha, alikuwa Lijah, ambaye mgongo ulimpinda hata akitembea aliona vidole vyake vya miguu tu.

Ubeti wa mwisho Senah hakuwahi kuusikia.

"Rafiki wa mgongoni, nimechoka kukubeba,
shuka ulale hapa, kitanda ni kipya."

"Tumempokea!" aliitikia Senah kwa furaha.

Sauti yake ilikuwa peke yake. Wok Jaharah alikuwa anatazama mkeka. Piah alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Senah aliona haya, akadhani amewawahi wenzake, akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Shangazi Lijah akainuka kwenda kuchukua sahani yake, akainuka, akazidi kuinuka, mpaka akasimama wima kama msichana.

Siku mbili baadaye ilikuwa Ijumaa. Mchana, wanaume walipokwenda msikitini, Senah alikuwa jikoni anakuna nazi. Akasikia springi inalia. Iii. Iii. Alidhani mama mkwe anambembeleza mtoto, kisha akakumbuka kwamba mama mkwe yuko mtoni anafua. Ikaja harufu ya yasmini iliyoozea majini, na mtu akaanza kuimba mdomo umefungwa, taratibu, kwa sauti ya Shangazi Lijah, na Senah alipochungulia dirishani alimwona Shangazi Lijah mwenyewe kule mbali kwenye majaruba, anarushiana miche ya mpunga na wenzake na kucheka, na wimbo ukaendelea nyuma yake, chumbani, bila kuvuta pumzi, mpaka Senah akaenda akalisukuma pazia, akaona bembea imeshuka hadi karibu iguse sakafu, springi imevutika hadi waya zake zimeachana, na Suri, mtoto wa kilo nne tu, amekodoa macho akitazama kitu kilicholala ubavuni mwake. Senah akamnyanyua mwanawe kwa mikono miwili, mwepesi kama siku zote, akarudi nyuma hatua moja.

Bembea haikupanda.

Ilibaki palepale chini, imetuna, inabembea.

Alikimbilia kwa Piah miguu mitupu. Piah alimpangusa machozi kwa pindo la nguo yake, akampokea mtoto, akamkalisha Senah kwenye mkeka. Hakuuliza kilichotokea. Hilo ndilo lililomtisha Senah zaidi.

"Unajua," alinong'ona.

"Mdogo wangu, kunywa maji kwanza."

"Dada Piah. Wewe unajua."

Piah akaufunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Sote tunajua. Ubeti ule hauitikiwi. Mama zetu walitufunza tukiwa wadogo. Lijah amebeba jini alilorithishwa na mama yake, na bila kulikabidhi kwa mtu hatakufa vizuri. Basi kila mtoto akizaliwa anajaribu, na sisi tunafunga midomo. Miaka yote hii."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani mumeo kakwambia."

Kesho yake asubuhi alikuja mganga, mzee Derani. Alichoma ubani, akaitazama bembea iliyolala chini, akakataa hata kahawa.

"Kilichopokelewa kwa wimbo huhamishwa kwa wimbo," alisema. "Mama ataimba. Anayepewa aitikie mwenyewe, au ndugu yake wa damu amwitikie. Na iwe kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo kitakuwa kimeshamzoea mtoto."

Senah alipiga magoti mbele ya Lijah, aliyekuwa ameitwa. "Shangazi, nakuomba. Lichukue. Huyu hata miezi miwili hana."

Lijah alilia, machozi ya kweli. "Miaka thelathini, mwanangu. Nilijua wewe utaniitikia. Hapa kijijini wewe peke yako ulikuwa unanipenda." Kisha akafunga mdomo, asiufungue tena.

Senah akamgeukia mumewe. "Bidin, wewe ni damu yake. Nitaimba, umwitikie."

"Kanilea, Senah."

"Na huyu nani atamlea?"

Bidin alikuna goti.

"Siku ile ulikuwa barazani. Ulisikia. Ulijua?"

"Nilitaka kukwambia asubuhi ile," alisema Bidin. "Nikamkuta anakuchemshia maji ya kuoga."

Senah akashika kamba ya bembea. Aliimba ubeti ule, na penye "hapa" akaweka jina la Lijah. Springi ikalia, nyumba nzima ikasubiri. Bidin alitazama mlango. Senah aliimba mara ya pili. Bidin alikuwa analia, na mdomo wake haukufunguka. Nje jua lilikuwa limekaribia utosi.

Mara ya tatu Senah aliweka jina lake mwenyewe, na hakumngoja mtu.

"Nimempokea," alisema.

Springi iliruka juu ikagonga boriti. Suri akaanza kulilia ziwa, kilio kizuri cha njaa, cha kwanza tangu Ijumaa. Na shingoni mwa Senah zikatua nywele zilizolowa, kisha mikono miwili ya baridi ikamkumbatia polepole, kama ya mtoto aliyezoea kubebwa. Mzee Derani alikusanya ubani wake bila kumtazama usoni.

Jumatatu Senah aliondoka. Piah alimbebea begi mpaka kituo cha basi na kumfungia wali mnato kwenye jani la mgomba. Bidin naye alikuja. Alinyoosha mikono amshike mtoto mara ya mwisho, na Senah hakumpa.

Suri sasa ana miaka minne, anaishi Muar na mama yake. Hulala kwa mlio wa feni, maana mama yake hathubutu kumwimbia.