Aliyefagia Kuelekea Ndani

Jioni ile nilitumwa kumwita jirani yetu Vettius aje na ufagio wake. Hilo tu.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Hapa mjini Preneste mvua ya baridi ikikatika, maji yote ya mlimani hupita kwenye uchochoro wetu. Nilikuwa nimechoka, miguu inawasha. Mimi ni dobi. Kutwa nzima nilikuwa nakanyaga majoho ya wakubwa ndani ya mkojo uliochacha. Mtu asinidanganye kuwa weupe wa wakubwa unatoka mahali pengine.

Kaka yangu Numerius alikuwa amepata mtoto wa kiume. Mkewe, Turrania, alishazika wawili kabla ya huyu, na wote walikufa hawajapewa jina. Kwetu mtoto wa kiume hupewa jina siku ya tisa. Mpaka hapo hana mwenyewe, kila kitu kinamtaka. Ndiyo maana kila jioni wanaume watatu husimama mlangoni. Wa kwanza hupiga kizingiti kwa shoka, wa pili kwa mchi, wa tatu hufagia kuelekea nje. Yule pepo wa msituni anayewanyatia wachanga akiona kazi ya mkono wa mtu, mti uliokatwa, nafaka iliyotwangwa, uwanja uliofagiwa, anajua hapa si porini. Anageuza.

Shoka lilikuwa la Numerius. Mchi wangu. Ufagio wa Vettius.

Na hiyo ilikuwa jioni ya mwisho. Kesho yake, jina.

"Ukirudi, shemeji, ulimi uufunge," Turrania aliniambia, mtoto yuko begani. "Usiku huu wanaandika."

"Mwambie mumeo. Mimi siku hizi mpole."

"Mpole wewe! Jana umemtukana punda."

"Alianza yeye."

Akacheka. Lakini alisema kweli. Usiku wa mwisho kabla ya jina wanakuja akina mama watatu wa majaliwa, wanamwandikia mtoto maisha yake. Tunawaandalia meza, tunanyamaza. Maana sisi majaliwa tunayaita *fatum*, yaani lililosemwa. Lisemwalo nyumbani usiku huo, zuri au baya, linaweza kuokotwa likaandikwa.

Nikatoka. Sikufika hata nusu ya uchochoro, nikamwona Vettius anakuja. Kajifunika kofia ya joho mpaka puani, ufagio begani.

"Afadhali umejileta mwenyewe," nikamwambia. "Twende, mchuzi unapoa."

Kimya.

"Vipi, mkeo kakufichia ulimi?"

Akanifuata nyuma. Nilisikia maji yakichuruzika ukutani. Nilisikia viatu vyangu, chwa, chwa. Vyake sikuvisikia. Nikadhani ni maji ya mvua masikioni. Na ile harufu... majani yaliyooza, na beberu. Nikasema moyoni, dobi gani wewe wa kulalamikia harufu ya mwenzio?

Numerius alikuwa tayari mlangoni, njaa inamuuma, uso umekunjamana. Hasira za kwetu ni za ukoo.

Shoka likalia kizingitini. Tak.

Mchi wangu. Du.

Ufagio... haukusikika.

Yule mtu alikuwa amesimama tu, anatazama ndani, kule kwenye kitanda cha mtoto.

"Mtoto amelala?" akanong'ona.

"Amelala," akajibu Numerius.

"Amelala?"

"Si nimesema amelala?"

"Amelala?"

Nilimwona kaka yangu akipandwa na hasira. Nilinyoosha mkono nimzibe mdomo. Mkono ulichelewa.

"Amelala, na atalala! Atalala hata mbingu ianguke! Sasa fagia tukale!"

Ndani ya nyumba kitu kikakwaruza. Taratibu, kama sindano ya chuma ikiandika juu ya nta ya kibao.

Yule mtu akainama, akaanza kufagia. Shwaa... shwaa... Majani yaliyolowa yalikuwa yakisogea miguuni pangu, yakipanda kizingiti. Yakipita.

Yalikuwa yakiingia ndani.

"Wewe!" nikasema. "Unafagiaje wewe—"

"Jamani!" Sauti ikatoka uchochoroni, nyuma yangu. Kikohozi, tena kile kicheko cha pua ninachokijua. "Ndiyo mmeanza bila mimi? Nimeutafuta ufagio nyumba nzima, kumbe mama watoto kautumia kufagia banda la kuku."

Alikuwa Vettius.

Nikamgeukia yule mfagiaji. Mlangoni tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Majani yalikuwa yamejipanga mstari mmoja, kutoka kizingitini mpaka chini ya kitanda cha mtoto.

Hapakuwa na alama ya mguu.

Mtoto hakufa. Watu wanapenda niseme alikufa, wapumue. Hakufa.

Alikuwa amelala. Asubuhi tulimwosha kwa maji ya utakaso, hakulia. Jina halikutolewa, maana kuhani alikataa kumwita asiyeitika. Turrania akamdondoshea maziwa mdomoni kwa kitambaa, akameza. Alipumua vizuri. Alikuwa na joto. Alikuwa amelala.

Tulipanda hekaluni kwa Fortuna, mungu wa bahati, ambaye mji wetu mzima unamwita mama na kumbebesha kila aina ya zawadi. Kura za uaguzi zikachanganywa, kikachomolewa kibao kimoja cha mwaloni. Kuhani akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Msimwamshe."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kura haisemi kwa nini."

"Basi sadaka inakula ya nini?"

Numerius akanivuta joho. Ndiyo mara ya mwisho nilipoona ana la kunikataza. Tangu hapo ndani ya nyumba ile hasemi kitu. Akitaka maji, anaonyesha kidole.

Miaka ikapita na mtoto akakua. Nasema akakua. Turrania alimkata nywele, akamkata kucha, akamgeuza ubavu huu na huu asioze. Meno yalitoka, yakang'oka, yakaota mengine. Juzi juzi nikaona kivuli cha ndevu juu ya mdomo wake.

Kisha Turrania akaanza kukohoa damu.

Aliniita jana, jua linazama. Mifupa mitupu, macho makavu.

"Nikifa, shemeji, nani atamlisha? Mume wangu huyu bubu?"

"Mimi nipo."

"Wewe huwezi hata kulisha punda bila ugomvi." Hakucheka. "Nitamwamsha."

"Kura ilisema—"

"Kura haikumzaa."

Mimi mtu akisema kweli namwachia. Nikamshika bega, akainama juu ya kitanda. Jina hakuwa nalo la kumwitia. Akamwita kwa kile alichokuwa nacho.

"Mwanangu."

Hakuna.

"Mwanangu. Ni mama."

Kope zikatikisika.

Zikafunguka.

Nimeona watu wengi wakiamka. Mtu akiamka macho yake yana ukungu, yanatafuta alipo. Haya hayakutafuta. Yalikwenda moja kwa moja kwa mama yake, yakasimama hapo, yamejaa. Yalimjua. Yalinijua na mimi. Yalikuwa macho ya mtu ambaye tangu azaliwe hajapata usingizi hata wa kuku.

Chozi likateremka sikioni. Mdomo ukafunguka, ukajaribu. "M..."

Kisha kope zikaanza kushuka. Hakuzishusha yeye. Niliona zikipambana, zikitetemeka, na ngozi ikibonyea pale juu, kidogo, kama inapobonyea chini ya ncha za vidole nisivyoviona.

Zikafungwa.

Numerius alikuwa mlangoni, kajiziba kinywa kwa viganja.

Turrania hakupiga kelele. Alimfuta lile chozi kwa kidole gumba, akakiangalia kidole.

"Yuko macho, shemeji," akasema. "Siku zote yuko macho humo ndani."