Nyasi Ndani ya Tairi

Asubuhi moja ya mwaka 1943, Laurenti, dereva wa lori la mkonge, aliona tairi la nyuma limeota uvimbe ubavuni, mkubwa kama ndimu. Alijua maana yake: nyuzi za ndani zimekatika, tairi halifai kwa safari. Lakini wakati ule wa vita, tairi jipya angelipata wapi? Mkewe Efrazia alikuwa na uchungu tangu jana, wakunga wa kijijini wameshindwa, na hospitali iko Korogwe. Akampandisha mbele, wakaondoka Handeni.

Adhuhuri, katikati ya pori, tairi likapasuka. Mpira wa ndani ukachanika vipande vipande, na la akiba hakuna. Madereva wa siku zile walikuwa na ujanja wao: walishindilia nyasi ndani ya tairi mpaka liwe gumu, kisha mwendo wa kobe hadi mjini. Ila kiangazi kilikuwa kimeunguza kila kitu. Nyasi mbichi zilikuwa mahali pamoja tu, zimezunguka kibanda kidogo cha mizimu.

"Baba Petro, hapo hapakatwi," Efrazia alimnong'oneza mumewe. Yeye Mzigua, alipajua.

"Wazee wako watanisamehe, mama." Akafyeka.

Baada ya maili mbili, kibanda kile kikatokea tena kushoto. Laurenti akakaza usukani. Kikatokea tena. Barabara ilikuwa moja, haina njia panda. Jua lilisimama utosini, halisogei.

Akashuka. Tairi lilikuwa na uvimbe mpya. Tairi lisilo na upepo, linavimbaje? Akaugusa.

Ukampiga teke.

"Baba Petro." Mkewe aliita kutoka ndani ya lori. "Mtoto ameacha kucheza."

Laurenti akarudi mbio kwenye tairi. Akapiga jeki, akalifungua tairi, akazirudisha nyasi kibandani hadi unyasi wa mwisho, huku akiomba radhi. Zilikuwa na joto mikononi mwake.

"Amecheza!" Efrazia akapiga kelele.

Safari hii kibanda hakikutokea tena. Wakafika Korogwe kwa rimu tupu isiyo na tairi, na jioni mtoto wa kike akalia, mzima kabisa. Laurenti akacheka na kulia kwa pamoja.

Kisha Stefania, muuguzi aliyemzalisha Efrazia, akatoka na beseni mkononi. Hakumpa hongera.

"Makondo ya nyuma," akanong'ona, "yametoka mawili. Mtoto mmoja nimempokea mimi. Wa pili kapokewa na nani?"