Nyumba Isiyolia Kengele

Kijiko kiligusa ukingo wa kikombe. Mara moja. Mara mbili.

Nje ya ukuta wa jikoni, Fundi Saa aliacha kupumua.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Alikuwa amechutama kando ya pipa la maji tangu saa tisa, bastola ya Glock kwapani, kidude cha mawasiliano sikioni.

"Mezani kwa Fundi. Ripoti." Ilikuwa sauti ya mkuu wake kutoka Mezani, kituo cha amri cha idara yao ya ujasusi.

"Bibi anakoroga dawa."

"Vizuri. Kaa hapo hapo."

"Mkuu, dawa yenyewe ndiyo ile."

"Tunajua. Kaa."

Fundi Saa halikuwa jina lake. Wiki iliyopita alifika katika nyumba hii na kiboksi cha bisibisi, akajidai anatengeneza saa. Bibi mwenye nyumba alimpa saa ya ukutani iliyofungwa kitambaa kwenye nyundo ya kengele.

"Itengeneze itembee, mwanangu," alimwambia. "Lakini isilie."

Ndipo alipoiona ile nyumba vizuri. Bawaba za milango zilipakwa mafuta ya kupikia. Miguu ya viti ilivishwa soksi. Hakuna kilichogongana na kingine. Alipomaliza kazi, Bibi alimpashia maji ya kunawa mikono kwa sababu siku ile kulikuwa na baridi. Hakuna aliyemwomba. Fundi Saa alikuwa ameyasahau mambo mengi mazito maishani mwake, lakini yale maji hakuyasahau.

Sababu ya ukimya ilikuwa imelala chumba cha pili. Msichana wa miaka kumi na tisa, mjukuu wa Bibi, mwenye moyo usiotaka kushtuliwa.

Katika kila seli ya moyo mna vilango vidogo visivyoonekana kwa macho. Chumvi huingia, moyo unadunda. Chumvi hutoka, moyo unapumzika. Kwa msichana huyu, vilango vya kutokea vilikuwa vizito tangu kuzaliwa. Akigutushwa usingizini na kengele au simu, moyo wake ungeweza kukosa pumziko, ukaanza kutetemeka badala ya kudunda, kisha ukanyamaza. Ndivyo alivyokufa mama yake. Na wiki tatu zilizopita ndivyo alivyokufa kaka yake.

Ila kaka hakufa kwa maradhi peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Profesa wa moyo aliyeitibu familia hii kwa miaka saba alikuwa ametengeneza tone linalovikomea vile vilango kabisa. Halikuwa na rangi. Halikuwa na ladha. Kesho yake halikuonekana kwenye damu. Alilijaribu kwanza kwenye kisahani cha maabara. Kisha kwa kaka.

Mazishini alimshika Bibi mkono, akalia naye.

Leo ilikuwa zamu ya dada. Mnunuzi kutoka nchi nyingine alikuwa ameketi maabara, na hanunui kitu asichokiona kikifanya kazi. Jana Profesa alileta "dawa mpya", akaagiza ikorogwe kwenye chai ya alfajiri. Msichana alikuwa na kibandiko kifuani kinachotuma mapigo ya moyo kwenye simu ya utafiti, na simu ikayatuma maabara. Saa kumi na mbili kamili simu hiyo hiyo, kando ya mto wake wa kulalia, ingelia kwa sauti yake yote.

"Mnunuzi akiona onyesho, anapokea chupa, tunamkamata nayo mkononi," Mezani ilisema. "Bila onyesho anaondoka. Mwezi ujao tutazika mawaziri."

"Kuna msichana humu ndani, Mkuu."

"Kuna nchi huko nje. Hiyo ni amri, Fundi."

Kijiko kilinyamaza.

Fundi Saa akachomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Mlango wa jikoni haukutoa sauti. Bibi mwenyewe ndiye aliyeufundisha kunyamaza. Aligeuka na kikombe mkononi, akaona mwanamume na bastola. Mwingine angepiga yowe. Bibi hakuwa amepiga yowe katika nyumba ile kwa miaka saba, hata asubuhi alipomkuta mjukuu wake wa kwanza amekuwa baridi.

"Fundi," alinong'ona. "Saa yangu ndiyo imekuleta saa hizi?"

"Bibi, usimpe hicho kikombe."

Alimweleza kwa maneno machache, maana muda ulikuwa mchache. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi polepole kwenye kiti chenye soksi.

"Yule aliyelia nami kaburini?"

"Huyo huyo."

"Na kaka mtu, ile dawa ya mwisho..." Alitazama kiganja chake. "Nilimkorogea mimi."

Fundi Saa alikuwa hodari wa uongo. Ulikuwa ndio mshahara wake. Aliutafuta uongo mmoja wa kumpa Bibi, hakuupata.

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alikiweka kikombe mezani, mbali naye. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akasimama.

"Haya. Niambie la kufanya. Nitalia akishaamka."

Shida ilikuwa simu. Wakiizima, skrini ya maabara ingekufa na Mnunuzi angetoroka. Fundi Saa alikuwa na kizuia mawimbi mkobani, mashine ya bei ya gari, lakini nayo ingekata mapigo. Simu ilipaswa iendelee kufanya kazi, na isisikike.

Bibi aliingia chumbani, akarudi ameibeba simu kwa vidole viwili kama yai. Akafunua debe la plastiki lenye unga, akaizamisha katikati, akafunika, akalivisha debe blanketi.

"Miaka saba nazika sauti, mwanangu. Hii moja ndiyo itanishinda?"

Fundi Saa karibu acheke. Alivua saa yake ya Casio, akampa.

"Ikifika kumi na mbili kamili, weka kidole juu ya kibandiko kifuani pake. Sugua taratibu, kama unatoa doa kwenye nguo. Hesabu hamsini, kisha kibandue."

"Na yeye?"

"Alale."

Kikombe chenye sumu alikimimina kwenye chupa ya ushahidi, akaziba. Alipogeuka kuondoka, Bibi alikuwa amemshikia chupa ya chai.

"Hii safi, nimechemsha upya. Umekaa kwenye baridi muda mrefu, magoti ya suruali yako yote matope." Akamkazia macho. "Chupa uirudishe. Ilikuwa ya mume wangu."

Saa kumi na moja na dakika arobaini na saba. Pikipiki ya Yamaha ilikata mitaa kama wembe. Aliizima mbali na jengo la maabara, akaisukuma.

Ghorofa ya tatu. Korido ilinuka spiriti. Mlinzi wa Mnunuzi alisimama mlangoni, shingo nene kama gogo.

Shingo nene nayo huvunjika.

Alimlaza chini bila kishindo. Alimpekua, akakuta kitambulisho mfukoni pamoja na picha ya mtoto mwenye pengo. Fundi Saa akairudisha picha mahali pake, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akachungulia kwenye kioo cha mlango.

Profesa alivaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Mnunuzi aliketi, mkoba mapajani. Kwenye skrini, mstari wa kijani ulipanda na kushuka. Chini ya darubini kulikuwa na kisahani, na ndani yake seli zilizotokana na ngozi ya msichana, zikageuzwa za moyo, zikidunda zenyewe.

"Ana umri gani?" Mnunuzi aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Anakufahamu?"

"Ananiita baba mdogo." Profesa akatazama saa, akabonyeza simu yake. "Tazama sasa."

Kumi na mbili kamili.

Mstari ulitulia kidogo. Kisha ukaruka. Ukaanza kucheza ovyo, vilele juu ya vilele.

"Hapo moyo hausukumi damu tena," Profesa alisema, kama anayeeleza hali ya hewa. "Unatetemeka tu. Subiri. Subiri."

Mstari ukanyooka.

"Kwisha," alisema.

Mnunuzi akapiga makofi mawili madogo. Mkoba ukafunguliwa. Kijichupa kikapokewa.

Fundi Saa aliupiga mlango teke.

Mnunuzi alikuwa mwepesi. Mkono ulishafika kiunoni. Glock ilisema mara moja. Goti likapasuka, akaanguka na kijichupa bado kimekabwa mkononi. Fundi Saa akakikanyaga kifundo cha mkono ule, akaongeza uzito hadi akasikia mfupa ukikubali. Akarudisha kidude sikioni.

"Fundi kwa Mezani. Mnunuzi yuko sakafuni. Kijichupa kiko mkononi mwake."

"Umevunja amri. Msichana?"

"Amelala."

Profesa alikuwa ameganda ukutani. "Haiwezekani. Nimeona kwa macho yangu."

"Wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza unawaambia nini siku ya kwanza?"

Midomo ya Profesa ilicheza. "Mtazame mgonjwa kabla ya kutazama karatasi."

"Bibi yake amesugua kibandiko kwa kidole. Basi."

Profesa aligeukia skrini, na sasa akaliona: vilele visivyo sawa, na chini yake alama ndogo za moyo mzima unaodunda taratibu, zikipita kama mtu anayetembea nyuma ya pazia. Mwanafunzi yeyote angeziona. Yeye alikuwa anataka mno kuona kifo.

Watu wa Mezani walimbeba Mnunuzi na mlinzi. Fundi Saa alibaki. Kasha la Profesa lilikuwa na nafasi tatu. Kijichupa kimoja kilikamatwa. Kingine kilikuwemo. Nafasi ya tatu ilikuwa tupu.

"Nani anacho?"

"Sijui. Naomba maji."

Fundi Saa alifungua chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko. Profesa akanywa kwa mikupuo miwili.

"Tamu?"

"Asante. Ya wapi?"

"Ya Bibi. Ile uliyoagiza ikorogwe alfajiri."

Kifuniko kikaanguka.

Fundi Saa aliinama kukiokota. Alipokuwa chini ya meza, alichomoa waya wa simu ya mezani kwenye ukuta. Alipoinuka, aliisogeza ile simu karibu na sikio la Profesa.

"Wangapi wana namba ya ofisi hii?"

"Wote," Profesa alinong'ona. Jasho lilimtiririka. Aliushika mshipa wa shingo, akahesabu, akapoteza hesabu. "Nisaidie. Kuna sindano kwenye kabati, ya magnesi, ya kutuliza moyo."

"Kijichupa."

Alilitaja jina. Akataja hoteli, chumba, na siku. Mezani ikanukuu yote.

"Sasa sindano," alisema Profesa. "Nimesema yote."

"Kijana wa watu alikuwa na sindano?"

Profesa aliyakimbiza macho kwenye kabati.

Fundi Saa alifuta kifuniko kwa kitambaa chake, akakifunga juu ya chupa, akaitia kwapani. Ilikuwa chai safi, na simu ilikuwa imekufa. Askari waliokuwa wanakuja kumchukua wangemwambia Profesa hayo baadaye, wakikumbuka.

"Unaenda wapi?"

"Chupa ina mwenyewe."

Alitoka, akaufunga mlango taratibu, jinsi milango inavyofungwa kwa Bibi. Jua lilikuwa limeanza kugusa madirisha ya korido. Nyuma yake sauti ilimfuata, ndogo sana, sauti ya mtu anayeuogopa moyo wake mwenyewe.

"Fundi. Uje tena. Hata baada ya dakika kumi, uje tena. Lakini tafadhali, usigonge."