Mvinyo wa Nusu kwa Nusu

Soko la Catania Jumamosi hiyo lilijaa hadi pa kutia mguu hapakuwepo. Wauza samaki walipigana vikumbo kwa sauti, na moshi wa artichoki, zile mboga za vitumba vya maua, zilizochomwa kwenye makaa uliwafuata watu mpaka puani. Melina, gauni la manjano, nywele kazibana juu, kreti la mvinyo mikononi, alirudi nyuma kupisha mkokoteni, akamkanyaga mtu. Mafuta ya artichoki aliyokuwa akila mtu huyo yakamchirizika begani.

"We kaka! Gauni langu jipya!"

"Umenikanyaga wewe, dada. Kidole changu kimekufa."

"Kizike basi!"

Kijana akacheka hadi akajishika mbavu. Alikuwa mrefu, kavaa shati jeupe la mpishi, na macho ambayo Melina alijikataza kuyatazama mara ya pili, akayatazama. Aliitwa Iano. Alikaribia kufungua mkahawa wake nyuma ya kanisa kuu, na alichokosa ni mvinyo mwekundu wa kuwapa wateja.

"Na haya niliyobeba unadhani ni maziwa?" Melina akamuuliza.

Mvinyo ule ulikuwa roho yake. Shambani kwao Vittoria, baba yake, Mzee Vanni, alichanganya zabibu mbili kama alivyofanya babu: Nero d'Avola nyingi ili mvinyo uwe na nguvu, Frappato kidogo ili unukie. Melina alibishana, akanuna, akalia, mpaka akaachiwa pipa moja achanganye nusu kwa nusu. Lakini baba alimpa sharti: Catania wakiukataa, asiguse pipa tena.

Iano akaahidi kuuonja mkahawani, wakapeana namba, na simu zikaanza. Asubuhi simu, jioni simu.

"Umeniota?"

"Nimeota gauni la manjano, roho yangu. Nadhani na wewe ulikuwa ndani yake."

"Mjinga wewe!" Melina akacheka, na mama yake akakohoa chumba cha pili.

Siku ya kuonja ilipofika, alikwenda mkahawani na chupa yake, pamoja na bakuli la artichoki alizopika mama.

"Mama anasema mpishi hulisha wote, na hakuna anayekumbuka kumlisha yeye."

Iano alizimaliza zote, akalamba na vidole. Melina alimtazama kwa furaha tele. Kisha Iano akamimina mvinyo, akaunusa, akanywa. Uso ukambadilika.

"Melina... umetia sukari?"

Mtu wa Vittoria ni afadhali umwite mwizi kuliko kumwambia katia sukari kwenye mvinyo.

"Hebu rudia."

"Mtamu mno, mpenzi. Niambie ukweli tu, sitakasirika."

"Hutakasirika wewe? Wewe?" Alinyakua bakuli la mama yake. "Usinipigie simu tena!"

Iano alipiga, na Melina hakupokea. Usiku kucha alilia, mara kwa ajili ya Iano, mara kwa ajili ya pipa.

Asubuhi baba akamkuta jikoni, macho yamevimba, akasimuliwa yote.

"Alikula nini kabla ya kunywa?"

"Artichoki za mama."

Mzee Vanni akashika meza. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Melina akajishika kichwa. Nyumbani kwao, siku ya artichoki chupa haifunguliwi, watu hunywa maji. Artichoki huacha utamu mdomoni, na chochote kinachofuata huonekana kimetiwa sukari. Hata mtoto mdogo anajua. Mapenzi yalikuwa yamewasahaulisha wote wawili.

"Mwenye mvinyo na mpishi!" baba akasema. "Ujinga nao mmechanganya nusu kwa nusu!"

"Sasa nitamtazamaje, baba?"

"Kwa macho. Ingia garini."

Walimkuta Iano peke yake mkahawani, nywele timtim, chupa bado mezani. Melina alisimama mlangoni na gauni lake la manjano, doa la mafuta lingali begani.

"Kijana," alisema Mzee Vanni, "leo umekula nini?"

"Sijala kitu, mzee wangu, tangu alipoondoka. Hakipiti."

"Vizuri. Kunywa."

Iano akanywa. Akanywa tena, polepole, akafumba macho.

"Unanukia stroberi," akasema, "halafu ndiyo nguvu inakuja. Hamna hata chembe ya sukari. Melina, nipige."

"Nitakupiga baadaye. Sema kwanza."

"Nachukua pipa zima."

Moyo wa Melina ukaruka. Kabla hajajibu, Iano alikwenda kwenye ubao wa vyakula akafuta artichoki kwa kiganja chake.

"Hapa hazitaingia tena!"

"Umerukwa na akili? Mkahawa Catania bila artichoki! Watakupiga mawe."

"Basi nitakula za mama yako."

"Mama huwapikia wanawe na wakwe zake tu."

Iano akameza mate. Akamwangalia mzee, ambaye ghafla alikuwa akikagua dari kwa makini sana.

"Basi nifanye mkwe wake, Melina. Nioe... yaani, nikuoe. Nakupenda."

Melina akaokota chaki. Akaandika artichoki upya pale ubaoni, kwa herufi kubwa.

"Siku ya harusi Mama atazipika," alisema. "Ole wako nikuone umegusa chupa yangu kabla hujasukutua."