Kijiko cha Kanali

Kila adhuhuri katika ngome ile ya milimani, mpishi Yefim alimpelekea afisa wa zamu bakuli la supu ya kabichi. Afisa alionja, akasema "Safi," na hapo ndipo askari walipokula. Ndiyo ilikuwa sheria ya jeshi la Urusi, na hata Kanali Zhdanov, mwenye mvi na magoti mabovu, hakuikwepa.

Luteni Arseni Krutikov alikuwa kijana mgeni, na upweke ulimtafuna. Maafisa wenzake walipenda karata, yeye alipenda kuandika hadithi. Askari nao walichekeana kando ya chungu, lakini yeye akipita tu, kimya! Basi alijifungia chumbani, akabuni askari wake mwenyewe, mashujaa waliokufa huku wakitabasamu.

Siku ya zamu yake, Yefim alimkuta ameinamia karatasi.

"Afande, onja. Nyama ya leo sina imani nayo."

"Safi, safi! Niache, askari wangu yuko karibu kufa," Arseni alijibu bila kuinua kichwa.

Afisa akishasema, nani abishe? Askari wakala. Kufika jioni nusu yao walikuwa wameshika matumbo, na Terenti, mcheshi wa kikosi, hakuweza hata kukaa.

Kanali aliwaita wahusika wawili. "Nani alionja?"

Yefim aliikunjakunja kofia yake mikononi. "Kosa langu, baba."

Arseni angeweza kunyamaza. "Si kweli, afande. Sikuonja. Nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?"

"Maisha ya askari."

"Maisha ya askari! Na supu yao huijui?" Kanali alichomoa kijiko cha mti kutoka ndani ya buti lake, pale askari wanapoweka vyao. "Shika. Mpaka theluji iyeyuke, utakula nao chungu kimoja. Na Terenti utamuuguza wewe."

Kitandani, Terenti hakutabasamu hata kidogo. Alilia, akamtaja mama yake na ng'ombe wao mwekundu. Arseni alimnywesha maji, akaona haya kwa yote aliyoandika.

Terenti alipopona, walikutana kwenye chungu. Kimya kilikuwa kilekile. Arseni akachota supu ya moto, ikamwagikia kidevuni.

"Jamani, afande anakula kama ndama!" alisema Terenti. "Hebu sogeeni, apate nafasi."

Wakacheka wote. Arseni alicheka nao, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Theluji ilipoyeyuka, alimsomea Kanali hadithi mpya, yenye askari mgonjwa na ng'ombe mwekundu. Mzee alisikiliza bila kukohoa. Arseni akamrudishia kijiko.

"Kaa nacho," alisema Kanali. "Ulisema 'safi' kwa kitu usichokionja, watu wakaumia. Na hadithi zako za kwanza zilikuwa hivyohivyo. Onja kwanza, mwanangu, ndipo useme. Na ukikosea, kiri, kama ulivyokiri siku ile."

Arseni akakichomeka kijiko ndani ya buti, akaenda jikoni. Ilikuwa zamu yake.