Mikono ya Mkwe

Kila Nyanya Kanyiva alipokuja Kaloleni kumtembelea binti yake, Baba Mwelu aligeuka mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Alipitia mlango wa jikoni, akala chumbani peke yake, na alipotaka chumvi alimtuma Mwelu. Kwao Ukambani, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, sembuse kugusana. Katika nyumba ya vyumba viwili, heshima hiyo ilikuwa kazi ya kutoa jasho.

Jumamosi moja, mama yake akiwa sokoni, Mwelu alikuwa sebuleni akibonyeza mto. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na Muuguzi Apondi alikuwa amewafundisha watoto wa mtaa huduma ya kwanza katika ukumbi wa Kaloleni.

"Huo mto umekukosea nini?" Nyanya aliuliza.

"Nausaidia moyo wake, Nyanya. Moyo ndio unaosukuma damu. Ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo, kwa hivyo unaisukuma wewe. Mtu mzima ni mikono miwili. Mtoto, mkono mmoja. Mtoto mchanga, vidole viwili tu."

Nyanya alicheka, akainuka kujiongezea chai. Hakufika mezani. Alianguka sakafuni pamoja na kikombe chake.

Mwelu alimtikisa mabega na kumwita. Hakuitika. Alimtazama kifua; hakikuinuka. Alipaza sauti kuomba msaada. Jirani yao, Mama Whitney, alikuja mbio na jagi la maji.

"Usimmwagie maji," Mwelu alimwambia. "Tafadhali pigia ambulensi, uingoje barabarani wasipotee."

Alipiga magoti, akaweka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, akanyoosha viwiko, akabonyeza kwa nguvu na haraka huku akihesabu. Alipofika mia mbili, aliinua macho. Baba alikuwa ametoka chumbani, amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Baba, nimechoka. Sibonyezi vizuri tena. Nipokee."

"Mwelu, huyo ni mama mkwe wangu."

"Ni nyanya yangu," Mwelu alisema akilia, bila kuacha kubonyeza. "Nikiacha, damu itasimama."

Baba alivua viatu, bila kujua kwa nini, akapiga magoti. "Niwie radhi, mama," alinong'ona, akaanza. Mwelu alimhesabia. Walipokezana hadi wahudumu walipoingia na mashine ya kushtua moyo.

Nyanya alirudi kutoka hospitalini baada ya wiki tatu, amekonda, akitembea polepole. Baba aliposikia sauti yake, alielekea mlango wa jikoni.

"Kyalo," Nyanya aliita. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumwita kwa jina. "Njoo ukae."

Baba aliketi ukingoni mwa kiti, macho chini. "Nilikukosea heshima, mama."

"Ulinivunja mbavu mbili, hilo ndilo ulilonikosea," Nyanya alisema. "Daktari ameniambia ni mikono yenu iliyoendesha damu yangu. Ungeniheshimu vipi nikiwa kaburini? Mtu akianguka, msaidie kwanza. Mambo ya nani ni nani tutayazungumza baadaye. Nawe Mwelu, ulijua kazi, na ulipochoka ukasema ukweli. Ungeona haya kusema, nisingekuwa hapa."

Kisha akamnyooshea Baba kikombe kitupu. Baba alisita kidogo, akakipokea kutoka mkononi mwake, akaenda kumwongezea chai.