Kifusi cha Anastasia

Kila Ijumaa baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la sita pale Bunju huwasaidia watoto wa darasa la awali kujenga kwa vipande vya mbao, masalia ya karakana za Chang'ombe. Anastasia aliipenda sana kazi hiyo, na alipenda zaidi kuamrisha.

Wiki hiyo walijenga mtaa mzima juu ya mchanga, nyuma ya darasa. Mwalimu Kokuberwa aliwaambia kwamba ataumwagia maji kama mvua, na nyumba zote zikibaki zimesimama, mtaa huo utaoneshwa kwa wazazi. Watoto hawakuwa na habari nyingine tangu asubuhi.

Anastasia hakutaka mchezo. Alifanya kama wafanyavyo watu wazima mtaani kwao: alijaza kifusi, akakishindilia kwa kisigino, kisha akainua ghorofa juu yake. Pembeni, Mbwana, mtoto wa miaka mitano, alijenga kibanda chenye mlango wa kizibo cha soda.

Mwalimu alimwaga ndoo taratibu. Ghorofa haikutikisika. Maji yaligonga kifusi, yakageuka, yakachimba mchanga chini ya kibanda cha Mbwana mpaka kikaanguka. Mbwana alilia kwa kwikwi.

"Mbona ya kwangu imesimama, madam?" Anastasia alijitetea.

"Nimeiona. Na maji yaliyokuwa yapite kwako yameenda kwa nani?"

Anastasia alimtazama Mbwana akiokota vipande vyake, akaona aibu kweli. Aliomba nafasi nyingine, akapiga magoti, akakizoa kifusi chote kwa mikono.

Kisha aliwauliza watoto maji yapite wapi, na safari hii alisikiliza. Mbwana ndiye aliyesema yaachiwe njia katikati. Walijenga upya ghorofa na kibanda, wakachimba mfereji, wakapanda majani kingoni ili mchanga usichukuliwe, wakatega bua la mpapai chini ya paa kama gata, maji yaingie kwenye kopo. Ukuta mmoja ulianguka, wakauanza upya. Jua liliwachoma, lakini hakuna aliyeondoka.

Ndoo ya pili ilipomwagwa, maji yalifuata mfereji, kopo likapata maji yake, na mtaa wote ukasimama. Mbwana alichukua kopo akaanza kumwagilia majani.

Mwalimu alichuchumaa katikati yao. "Wazazi watauona mtaa wenu," alisema. "Nanyi muwaambie hivi: nyumba haiwi nzuri kwa sababu tu yenyewe imesimama. Kabla hujajenga, jiulize maji yako yatamfikia nani, kisha nenda ukaongee na huyo jirani."